Mnyang'anye Fundi Plaizi

Siku ya kwanza ya mafunzo pita na ndoo, kila mwanafunzi atumbukize plaizi yake humo. Bisibisi pia. Na kile kisu cha kumenyea waya ambacho kijana wa tatu kutoka mwisho amekichomeka kwenye soksi. Fungia ndoo kabatini, ufunguo utie mfukoni, kisha waambie vifaa vyao watavipata wiki ya tatu, na atakayetangulia kuvipata ni yule anayejua pa kukata kabla ya kukata. Watanuna. Waache wanune.

Nimefundisha mafundi wa laini za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, miaka mingi sasa, na sijaona hitilafu iliyopona kwa plaizi kabla haijajulikana ilipo. Nilichoona ni laini zilizokatwa vipande vipande na fundi anayeutafuta ubovu kwa kukata, mfano wa mtu aliyepotelewa na mbuzi akaenda kuchoma pori zima. Kila alipokata akaunga, na kila alipounga akaacha jointi mpya ya kuja kuoza masika. Kwa hiyo agizo la ndoo linachekesha, lakini lifuate kama lilivyo.

Siku hiyo hiyo kusanya na modemu. Zipange juu ya kabati, wazione kwa macho tu. Fundi anayeanza huiamini modemu kuliko kitu kingine chochote kwa sababu ina taa, na chenye taa huonekana kina majibu. Mteja akilalamika, anamletea nyingine. Taa ikipepesa vile vile, anamletea ya tatu. Niliwahi kuingia nyumba moja Magomeni nikakuta modemu nne kwenye rafu, zote nzima, na ubovu uko nje kwenye nguzo, hatua thelathini kutoka mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa amezipangia kitambaa cha kufuma chini yake, kwa heshima, akidhani zote ni sehemu ya huduma.

Mwanafunzi lazima ajue kwanza anahudumia nini. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy: maelfu ya kilomita za nyuzi za kioo chini ya Bahari ya Hindi. Kwa nyumba iliyo kwenye shaba, safari yote hiyo inamalizikia kwenye jozi ya nyaya zenye kipenyo cha milimita 0.4 au 0.5, zilizotandazwa kwa ajili ya sauti ya mtu, yaani masafa ya kuanzia hezi 300 hadi 3400 basi. DSL ya aina ya ADSL2+ inazidai nyaya hizo hizo zibebe hadi kilohezi 2200. Kiwango kimepanda zaidi ya mara mia sita na nyaya hazijaguswa. Nyuzi za kioo zinasogea mtaa kwa mtaa, nami nazifurahia, ila mtu aliye kwenye shaba anataka intaneti yake leo, na anastahili fundi anayeijua shaba.

Haya, mpe mita. Aanze na volti. Jozi hai kutoka kituo cha simu huwa na volti 48 hivi za mkondo mnyoofu simu ikiwa imelala; simu ikiita, juu yake hupanda mkondo geu wa volti 75 na kuendelea, na huo unauma. Mwambie kabla hajashika. Mwambie pia asipime omu wala kuunganisha mega, kile kipimo cha uvujaji kinachosukuma volti nyingi, kwenye laini ambayo bado ina umeme, na modemu ichomolewe kwanza, maana mega haina huruma na modemu.

Akishajua volti, aende kwenye omu. Jozi ya milimita 0.4 ina takriban omu 280 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Ya milimita 0.5 ina 180 hivi. Mwenzake aliye kituoni akiziunganisha ncha mbili, na nyumba iko umbali wa kilomita mbili za waya mwembamba, mita isome 560 au karibu na hapo. Ikisoma 900, hapahitajiki ramli: njiani kuna jointi iliyooza. Ncha zikiachwa wazi bila kugusana, apime nanofaradi. Kilomita moja ni 50 hivi. Akisoma 15, waya umekatika mita 300 kutoka aliposimama. Hesabu hiyo waifanye kwa kichwa, wakiwa wamesimama kwenye daladala, mpaka iwatoke mdomoni kama nauli.

Kila darasa lina mmoja atakayeuliza kwa nini asingoje ile mashine ya kurusha mpigo, inayoandika umbali yenyewe. Mwonyeshe. Ni mashine nzuri sana: mpigo unakwenda, mwangwi unarudi, mstari ukiruka juu waya umekatika, ukizama chini nyaya zimegusana. Lakini mara nyingi iko moja kwa mafundi kumi na wawili, na ukiitajia vibaya kasi ya mpigo ndani ya kebo itakupeleka kuchimba mbele ya nyumba ya mtu asiyehusika. Anayejua omu na nanofaradi atashtuka mashine inapokosea. Asiyejua atachimba.

Wiki ya pili waambie waharibu.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayomtoa fundi. Chukua roli la kebo la mita 500, ncha zake na za katikati zitoe ukutani kwenye ubao wenye visanduku sita vya kuungia. Kundi moja litoke nje likanywe chai. Jingine libaki ndani na lifanye ubaya wote linaoujua. Wakate waya mmoja ndani ya ganda bila ganda kuonekana limeguswa. Wachanganye jozi, mguu mmoja wa buluu na mmoja wa chungwa, ili mita iseme kila kitu ni salama huku laini ikivuta kelele za jirani zake wote. Waufanye mguu mmoja uvuje ardhini kupitia kitambaa kilicholowa. Waunge nyaya kwa kusokota kwa vidole na kufunga solotepu, kama zile jointi tunazozikuta mitaani.

Hiyo jointi ya kusokota usiiache kavu. Iloweke kwenye maji ya chumvi wiki nzima, maana sisi wa pwani tunaishi kwenye maji ya chumvi hata pasipo na maji. Ukiitoa, kila mmoja aishike kiganjani. Ifungueni polepole. Solotepu inaachia kwa utelezi. Chini yake kuna unga wa kijani unaoshika vidole, na shaba iliyokuwa inang'aa imekuwa nyeusi, ina vitobo kama jino bovu. Ivuteni: bado imeshikana. Ipimeni: omu 40. Itikiseni kidogo: 900. Itikiseni tena: 12. Mteja mwenye jointi ya namna hii atakuambia intaneti yake ina majini. Inakuja, inaondoka, inarudi fundi akifika, inaondoka akishuka ngazi. Usimcheke. Ameieleza tabia ya jointi hiyo vizuri kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Halafu wape fumbo la mguu mmoja. Kata waya mmoja tu wa jozi, waite walio nje, unganisha simu: kimya, hakuna mlio. Unganisha modemu: inahangaika, inashika, intaneti ipo, inakokota. Darasa litabisha. Wengine watasema umedanganya ubao. Waache wabishane nusu saa kabla hujawaeleza kwamba sauti ya simu inahitaji mzunguko kamili wa umeme, lakini masafa ya juu yana uwezo wa kuruka pengo dogo, na nyaya zilizolala pamoja kwenye kebo huambukizana. Fundi aliyewahi kubishana juu ya jambo hili hatasahau swali lake la kwanza mtaani: "Na simu yenyewe, je, inalia?" Jibu la mteja kwa swali hilo moja linaokoa asubuhi nzima.

Waliotoka kunywa chai wasiruhusiwe kugusa kisanduku. Wapime kwenye ncha, waandike kwenye karatasi: ubovu wa aina gani, kati ya kisanduku kipi na kipi. Atakayepata vitatu kwa vitatu mpe plaizi yake. Mimi humkabidhi mbele ya wenzake, na sijaona cheti kilichopokewa kwa furaha ile.

Sasa teremsha modemu, ila ishushe kama kipimo. Ndani ya kurasa zake kuna namba tatu za kuangalia. Ya kwanza ni mfifio, yaani ishara imepungua kiasi gani njiani. Kwa waya wa 0.4 kadiria desibeli 14 hivi kwa kila kilomita. Laini ya kilomita moja inayoonyesha mfifio wa 40 ina la kujibu. Ya pili ni akiba dhidi ya kelele. Watoa huduma wengi huilenga kwenye desibeli 6, maana yake nguvu ya kelele inaweza kuongezeka mara nne kabla laini haijaanza kuteleza. Ya tatu ni hesabu ya makosa, na hiyo haisomwi mara moja. Isome, kunywa maji, isome tena baada ya robo saa. Makosa elfu kumi ya mwezi mzima si kitu. Mia tano ya robo saa ni mgonjwa.

Na kuna ule mchoro. ADSL2+ inaigawa njia vipande 512, kila kimoja kilohezi 4.3125, na kila kipande kinapewa biti hadi 15 kadiri kinavyoweza kubeba. Vikichorwa vyote pamoja vinatoa umbo la kilima kinachoteremka taratibu kulia. Mfundishe mwanafunzi kutafuta mashimo kwenye kilima hicho. Shimo jembamba, la vipande viwili au vitatu, mara nyingi ni stesheni ya redio ya masafa ya kati imeingia kwenye waya. Shimo pana ni jambo jingine, na hapa ndipo macho ya darasa huwaka. Waya uliotelekezwa, ule uliokuwa unakwenda kwenye chumba cha uani alikokuwa akiishi mpangaji, bado umeunganishwa kwenye jozi. Ishara inaingia humo, inagonga mwisho, inarudi na kupambana na nyenzake. Kwa kuwa inasafiri mita 200 hivi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, tawi la mita 100 huchimba shimo karibu na kilohezi 500, na jingine karibu na 1500. Tawi la mita 50 huchimba kwenye 1000. Mwanafunzi anakaa sebuleni kwa mtu, anasoma mchoro, anasema, "Mama, hapa nyumbani kuna waya wa simu wa zamani wa kama mita mia usiotumika?" Mama anashika mdomo. Waya upo, umepita juu ya dari, umeishia kwenye banda la kuku. Ukikatwa mwanzoni mwake, kasi inapanda mbele ya macho yao.

Kuhusu kufunga laini mpya nitasema kwa ufupi, maana haya yako kwenye kila kitabu cha mafunzo na kinachokosekana ni mtu wa kuyasimamia. Jozi husokotwa ili kelele ziuane zenyewe, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881; basi usiifumue zaidi ya sentimita moja unapoingiza kwenye kisanduku. Unga kwa vikonekta vyenye grisi, solotepu ibaki kwenye zawadi. Waya unaoingia ukutani uning'inie kidogo nje kabla ya tundu, mvua idondokee chini badala ya kutiririka ndani. Kila simu iwe na kichujio chake, hata ile ya jikoni, hata faksi, hata kengele ya wezi ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka iharibu kila kitu. Na mpime kila mwanafunzi kama anatofautisha rangi. Kuna wanaume wengi wasiotofautisha kijani na kahawia na hawajui, na kwenye kebo ya jozi 25 hilo ni balaa. Si sababu ya kumfukuza: mpe kitoa mlio na kifaa cha kuusikiliza, aifuate jozi kwa sikio.

Kinachobaki ni kigumu kuliko omu. Mfundishe kuamkia.

Fundi anayeingia kwa watu akielekea moja kwa moja kwenye modemu amekwisha kupoteza nusu ya vipimo vyake, kwa sababu kipimo kikubwa kimekaa kwenye kochi kinamtazama. Asalimie, akaribishwe, akae. Chai ikiletwa anywe. Aulize inakatika saa ngapi. Mvua ikinyesha, au jua likiwaka? Jirani akiwasha pampu ya maji? Simu ikiita, au ikishapokewa? Asimkatize mtu. Bibi atakayeanza na habari za mjukuu wake aachiwe, maana mahali fulani katikati ya habari za mjukuu atasema, "na hiyo ndiyo saa anayowasha ile redio yake," na hapo umefika.

Mwaka 2020 zilitoka habari za kijiji cha Aberhosan, huko Wales. Kwa miezi 18 intaneti ya kijiji ilikuwa ikianguka kila siku saa moja asubuhi. Mafundi wa Openreach walibadilisha sehemu kubwa ya kebo, isisaidie kitu. Mwishowe wakatembea kijijini saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mvua kubwa, na kifaa cha kupima masafa. Ilipogonga saa moja, kelele ikapanda, wakaifuata mpaka mlangoni. Ilikuwa runinga kuukuu. Mwenyewe aliiwasha kila asubuhi, na kila ilipowaka ilitema mpigo wa kelele uliotosha kuangusha kijiji. Alifedheheka, akaahidi kutoiwasha tena. Mimi huwasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu ya saa moja ile. Hitilafu inayokuja kwa saa ina mkono wa mtu nyuma yake, na mkono wa mtu hauponywi kwa kubadilisha kebo. Huku kwetu kifaa cha masafa ni ghali, hivyo kila mwanafunzi wangu ana redio ndogo ya betri. Aiweke masafa ya kati, kilohezi 600 hivi, mahali pasipo na stesheni, aizungushe chumbani. Chaja mbovu ya simu inaguruma. Taa ya bei rahisi inazomea. Nimeona kijana akifuata mgurumo kwa redio hiyo mpaka chini ya kitanda, akakuta adapta ya umeme imefungwa kitambaa kwa kuwa ilikuwa inachoma vidole.

Neno moja lipigwe marufuku kwenye ripoti: "imerekebishwa". Iandikwe wapi na nini. Kisanduku cha nguzo fulani, jozi ya saba, jointi imeoza, omu kabla, omu baada. Fundi atakayekuja mwakani ataijua ile nguzo kabla hajaifikia.

Mwaka jana nilimpeleka binti mmoja wa darasa langu Upanga, kwa Bi mkubwa ambaye laini yake ilikuwa na tiketi sita zilizofungwa na modemu tatu mpya. Binti alikuwa bado hajarudishiwa plaizi yake. Nilikuwa nayo mimi mkobani. Akaamkia, akaketi. Bi mkubwa akaeleza kuwa intaneti inakatika mwanawe akipiga simu kutoka Muscat. Binti akauliza, "Inakatika ikianza kuita, Bibi, au ukishapokea?" Ikianza kuita. Na ukipokea? Baada ya kitambo inarudi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Akachomoa nyaya zote za ndani, akabaki na laini ya nje peke yake, akaomba kituoni waunganishe ncha. Kilomita moja na nusu ya waya wa 0.4: alitaka 420. Mita ikasoma 610, ikashuka 480, ikarudi 630. Akaniangalia. Akasema ni jointi, iko nje, na umeme wa kuitia simu ndio unaoitikisa. Tukatembea mpaka kwenye nguzo iliyo chini ya mwarobaini, akapanda ngazi, akafungua kisanduku, sisimizi wakammwagikia hadi kwenye viwiko. Ndani, chini ya solotepu iliyokuwa nyeusi, kulikuwa na kile kijani anachokijua.

Nikafungua mkoba nikampa plaizi yake. Akakata sentimita nne, akamenya, akaweka vikonekta vya grisi. Mita ikasoma 422, ikatulia.

Tuliporudi ndani nikapiga namba ya nyumba kwa simu yangu ya mkononi. Ikaita. Binti alikuwa amechuchumaa mbele ya modemu, uso karibu na taa. Ilipofika mara ya nane nikataka kukata, Bi mkubwa akanizuia kwa mkono: mwanawe huita mara kumi na mbili kabla hajakata tamaa. Basi tukaiacha iite.